Tafsiri ya Tarumbeta

1

Kila mwaka, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba, wapenzi wa *Mlango wa Jana* walikusanyika kwenye banda la zamani la video pale Ng'ambo, Tabora, wakavaa saa mkono wa kulia kama steringi wao, wakatazama filamu zote saba mfululizo. Walikuwa watu wazima na akili zao. Kulikuwa na hakimu mstaafu, wauza mkaa, mama mmoja mwenye kiwanda cha asali, na Kalunde Maganga, fundi mitambo, ambaye tangu utotoni hakuwahi kukosa hata mara moja. Mume wake, Muha wa kule mwisho wa reli, alikuwa akimtania kwamba siku akifa atazikwa na rimoti mkononi.

Kalunde aliijua kila sentensi ya filamu zile. Tuseme ukweli, alichokijua ni kila sentensi ya DJ Tarumbeta. Filamu zilikuwa za Kikorea, na Tabora nzima hakuna aliyekijua Kikorea, Tarumbeta mwenyewe akiwa wa kwanza. Alikaa mbele ya banda na kipaza sauti, akayawahi maandishi ya Kiingereza yaliyopita chini ya picha, na yale yaliyomponyoka akayatunga papo hapo. Steringi alimbatiza Masumbuko. Adui alimfanya mtu wa Nzega, kwa sababu alizozijua mwenyewe. Alipofariki, mji mzima ulimzika, na sauti yake ikabaki kwenye nakala za filamu, juu kabisa ya sauti za wenyewe.

Wapenzi hao walikuwa na salamu yao. Mmoja husema, "Dunia hupata kovu." Mwenzake hujibu, "Haipati pengo." Maneno hayo yametoka katika filamu ya nne, pale Masumbuko anapokuwa amekwisha tuma ujumbe wake kwenda zamani na kuuokoa mji. Anakaa peke yake kwenye benchi la stesheni, ameipa kamera mgongo, mabega yanamtikisika, na hasemi kitu kwa muda mrefu sana. Hapo Tarumbeta alikuwa anapaza sauti: "Masumbuko anacheka, jamani! Anacheka kwa furaha! Ameijua siri: dunia hupata kovu, haipati pengo! Saa hizi kila mtu yupo kwao, anakula ugali!" Banda zima lilikuwa linalipuka kwa makofi. Kalunde aliyasikia maneno hayo akiwa na miaka tisa, amekaa sakafuni na miguu ya watu wazima mgongoni, akaamua siku hiyo hiyo kwamba atakapokuwa mkubwa atafanya kazi ya wakati.

Mwaka huu Ngassa alileta balaa. Ngassa alikuwa mpenzi mwenzao, daktari wa meno, amesomea Korea miaka sita, na alirudi na nakala safi ya filamu ya nne, isiyo na Tarumbeta, yenye maandishi ya Kiswahili aliyoyatafsiri mwenyewe. Aliiweka baada ya chakula cha mchana, akiona anawapa wenzake zawadi.

Dakika tano hazikupita. "Mbona Masumbuko ana sauti ya kitoto?" aliuliza muuza mkaa mmoja. "Hii ni feki!" akapokea mwingine. "Ngassa, wewe Msukuma umepigwa huko Korea, umeuziwa filamu siyo!" Watu wakacheka, Ngassa naye akacheka, filamu ikaendelea kwa mzaha hadi ikafika kwenye benchi.

Bila Tarumbeta, mahali pale palikuwa na sauti. Masumbuko alikuwa analia. Alilia kama mtu anayejizuia asisikiwe na majirani, na chini yake yakapita maandishi ya Ngassa: *Nyumbani kwangu kuna vitanda viwili. Sijui cha pili ni cha nani. Kuna watu nimewafuta, na hata kuwalilia siwezi, maana siwajui.*

"Uongo! Zima!" watu walipiga kelele. "Turudishie Tarumbeta wetu!" Hakimu mstaafu alisimama kwa hasira hadi kiti kikaanguka. Ngassa alijitetea kwamba ndivyo walivyosema wenyewe waliotengeneza filamu, na mtu akamjibu kwamba wenyewe hawajui kitu.

Kalunde hakupiga kelele. Alikuwa anawaza jozi ya kandambili isiyo na mwenyewe iliyokuwa kazini kwake.

2

Jumatatu aliwahi kazini kabla ya wote. Taasisi ilikuwa nje kidogo ya mji, kwenye barabara ya Itetemia, jengo refu la rangi ya kijivu ambalo wapita njia walidhani ni ghala la tumbaku. Ndani yake kulikuwa na mashine ambayo wenyewe, kwa mapenzi, waliiita Mlango. Mlango huo haukumpeleka mtu popote. Ulipeleka sauti tu, dakika moja ya maneno, ikaibuka kwenye simu ya mtu aliyeishi zamani. Mtu yule akisikia onyo na kulifuata, yaliyotokea yakawa hayakutokea, na watu wa leo wakaamka wakikumbuka historia mpya wasijue kwamba palikuwa na nyingine.

Kwa hiyo walihitaji shahidi. Shahidi wao alikuwa Kasha, chumba kidogo cha kuta nene za madini ya risasi kilichobeba moyo wa mashine. Kilichokuwa ndani ya Kasha hakikuguswa na mabadiliko. Kabla ya kila safari ya sauti waliweka humo kanda ya taarifa ya habari ya asubuhi hiyo, wakafunga, wakabonyeza. Baada ya hapo walifungua Kasha na kuisikiliza kanda. Safari ya kwanza, kanda ilitangaza ajali ya basi ambayo hakuna aliyekuwa na habari nayo. Safari ya pili ilizungumzia kumbukumbu ya miaka ishirini na tano ya kipindupindu kilichomaliza kata nzima, wakati Kalunde alijua vizuri kwamba kata ile haijawahi kuugua. Siku hiyo yeye na bosi wake, Daktari Mihayo Kasubi, walikumbatiana na kurukaruka kama watoto. Juu ya mlango wa Kasha, Daktari alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu maneno ya Tarumbeta, kwa kuwa naye alikulia katika banda lile lile. Ndiyo iliyokuwa kanuni ya kwanza ya usalama ya taasisi.

Kalunde alifungua Kasha, akachuchumaa. Kuingia humo kulitaka uvue viatu na uvae kandambili zinazokaa humo humo, vumbi lisiingie. Kandambili za duka moja hufanana, kwa hiyo kila mtu alichanja alama yake ukingoni, kama watu wanavyofanya majumbani. Za Kalunde zilikuwa na chale moja. Za Daktari zilikuwa na mbili. Jozi ya tatu ilikuwa na chale tatu.

Wafanyakazi walioruhusiwa kuingia Kasha walikuwa wawili tu, tangu taasisi ianze. Mara ya kwanza alipoziona alidhani ni za fundi aliyejenga, akazisukuma pembeni kwa mguu. Sasa alizichukua mkononi. Zilikuwa ndogo kuliko zake. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimelika upande, na alama za vidole vitano zilikuwa zimezama kwenye raba. Mtu huyu alikuwa amefanya kazi hapa kwa miaka, akatembea humu ndani akiegemea kushoto, na bila shaka walikunywa naye chai, wakataniana. Kalunde alijaribu kumkumbuka kwa nguvu zake zote. Hakupata hata kivuli.

"Nilikuwa najiuliza ni lini utaziokota," alisema mtu nyuma yake.

Alikuwa Daktari Mihayo, amesimama na soksi, viatu mkononi.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Nadhani ni za mwanamke. Mguu mdogo ule."

"Ulijua?"

"Tangu safari ya pili." Aliviweka viatu chini taratibu. "Tulirudi miaka ishirini na tano, Kalunde. Ukiwaokoa watu wa kata nzima, watatembea, wataoa, watagombana sokoni, watamchelewesha huyu na kumkutanisha yule. Baba akichelewa kulala kidogo tu, mtoto anayezaliwa siye. Kila kijana unayemwona hapa mjini, wa chini ya umri huo, amekaa mahali palipokuwa pa mwingine."

"Na huyu msichana?"

"Msichana gani? Hakuna msichana." Alisema bila ukali, kama anayemsahihisha mwanafunzi. "Hana mama anayemlilia, hana kaburi. Hao vijana waliopo unawachukia? Unawapenda, mimi pia nawapenda. Sasa niambie pengo liko wapi."

Kalunde alimwambia habari za Jumamosi, za Ngassa na vitanda viwili. Daktari alitabasamu kwa mara ya kwanza.

"Niliiona ya Kikorea nikiwa chuo. Nilizima nikalala. Tarumbeta alitafsiri vizuri zaidi."

"Tarumbeta alikuwa anatuonea huruma, Daktari. Banda lilijaa watoto. Hakutaka tutoke tunalia."

"Basi alikuwa mtu mwema."

"Mchelea mwana kulia hulia yeye."

Daktari alitazama saa yake, ambayo siku zote aliivaa mkono wa kulia, akasema, "Kibali kimetoka jana. Safari ya Ng'wala ni leo saa sita mchana."

3

Hakuna mtu wa Tabora aliyehitaji kuelezwa Ng'wala ni nini. Miaka saba nyuma, mvua ilikula nguzo za daraja la mto Ng'wala, na treni ya asubuhi ikaingia mtoni na mabehewa yote. Watu mia mbili na ushei walikufa. Kalunde alikuwa miongoni mwa waliojitolea kubeba miili. Katika behewa la tatu alimkuta mke wa Daktari Mihayo, na pembeni yake Bundala, mtoto wao wa miaka mitano, ambaye miezi michache kabla alikuwa amekaa mabegani kwa baba yake pale bandani akipiga makofi kwenye benchi la Masumbuko. Ni Kalunde aliyemfunika kwa kitenge chake. Kwa miaka saba aliingoja safari hii kuliko anavyongoja mshahara, na mara nyingi alilala akiwaza jinsi itakavyokuwa kumwona Bundala mrefu, sauti inavunjika.

Lakini kwenye hema la majeruhi, wiki ile ile, ndipo alipokutana na nesi aliyeletwa kutoka Kigoma kuja kusaidia. Bila Ng'wala, yule Muha, ambaye sasa ni mume wake, asingeteremka Tabora. Mwaka uliofuata alizaliwa Nyamizi.

"Ulikuwa hujaniambia," alisema Kalunde. Sauti yake ilikuwa ndogo mno. "Miaka yote hii tunapanga safari hii, mwanangu anakuja hapa ofisini anachora ubaoni kwako, na wewe unajua."

"Ndiyo maana nimekuja mapema leo." Daktari alipiga ukuta wa Kasha kwa kiganja. "Moyo wa mashine ukishushwa kwa safari, mtu mzima haenei humu. Mtoto wa miaka sita anaenea. Nitaweka hewa na godoro dogo. Atakaa robo saa, hataumia. Tukifungua, atakuwepo."

Kalunde alikitazama chumba, akamtazama bosi wake. Akaelewa kitu ambacho Daktari hakukisema.

"Mimi nitakuwa nje."

"Lazima uwe nje. Mashine haitumi sauti bila viganja viwili, changu na chako."

"Kwa hiyo nikifungua Kasha nitakuta mtoto nisiyemjua."

"Utakuta mtoto anayekuita mama. Na utaacha maneno kwenye kanda, kwa sauti yako. Utajieleza. Unajiamini, siyo?"

Alimpa kinasa sauti. Alikuwa amekwisha kitia chaji. Mtu yule aliwaza kila kitu. Hakuwa katili, na hilo ndilo lililomkwaza Kalunde zaidi. Macho yake yalikuwa mekundu, kola ya shati imegeuka, na ilionekana wazi kwamba hakulala. Alisema, "Kalunde, wale wa Ng'wala nawajua kwa majina. Walipiga kelele. Wengine walikaa majini hadi jioni wakingoja. Watakaofutika hawatasikia chochote. Wewe uliibeba ile miili. Nionyeshe mahali nilipokosea na nitazima mashine."

Alitafuta mahali hapo, hakupaona. Alichopata ni woga tu, na woga si hoja. Akabonyeza kinasa.

"Kalunde," alisema. "Mimi ni wewe. Huyo mtoto uliyemkuta ni wako, anaitwa Nyamizi. Hapendi maharage, ila ukimbembeleza anakula. Akilala anataka umshike sikio, siyo mkono. Utajiona unadanganywa. Usimpeleke polisi. Usimpeleke kituo cha watoto. Mpende hivyo hivyo tu, hata kama hujui kwa nini."

Daktari aliipokea kanda kwa mikono miwili, akaiweka ndani ya Kasha, karibu na ile ya habari.

"Nenda kamlete," alisema. "Na ahsante. Siku moja Bundala atakushukuru mwenyewe."

4

Shuleni walikuwa wamemaliza uji. Kalunde alipita uwanjani kwa mwendo wa kasi, akiwa ameamua kutomtazama mtu yeyote usoni, akabisha hodi darasa la kwanza B.

"Karibu, Mama Nyamizi," alisema Mwalimu Sikitu, mwanamke mnene mwenye chaki sikioni. "Watoto!"

Darasa zima lilisimama, madawati yakakwaruza sakafu. "Shikamoo mama!"

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo!"

Walikuwa wadogo mno. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amezaliwa treni ilipoingia mtoni. Kalunde alikuwa amelijua hilo njia nzima, kama mtu anavyojua hesabu, na sasa hesabu ile ilikuwa imesimama mbele yake na masharubu ya uji. Mmoja alikuwa amevaa sweta la dada yake, mikono imemzidi. Mmoja alikuwa anajaribu kung'oa jino kwa ulimi. Wawili walikuwa pacha, Kulwa na Doto, na Doto alikuwa amembana Kulwa kidole dawatini makusudi, kwa hiyo Kulwa alikuwa anaamkia huku machozi yanamlengalenga.

"Nimekuja kumchukua Nyamizi," alisema. "Kuna… tunasafiri kidogo."

"Hakuna tatizo. Nyamizi, chukua begi lako. Kuna msiba, Mama Nyamizi? Maana umekwajuka."

"Hapana, mwalimu. Bado."

Nyamizi alitoka dawatini kwa maringo ya mtoto anayeitwa mbele za watu. Aliukamata mkono wa mama yake. Mkono ulikuwa na mafuta ya maandazi, wa moto, na Kalunde aliushika kwa nguvu akageukia mlango. Alikuwa amebakiza hatua chache tu. Angefika kwenye pikipiki, na baada ya hapo asingekumbuka kitu, wala kusingekuwa na mtu wa kumlaumu.

"Watoto," alisema Mwalimu Sikitu, "mgeni akiondoka tunasemaje?"

Walisimama tena wote, hata yule wa jino, wakaimba kwa ile sauti ya kuvuta ya watoto wa shule wanaosema kwa pamoja kitu walichokikariri: "Kwa-he-ri mama! Kwa-he-ri Nyamizi! Tu-ta-o-na-na ke-sho, Mungu a-ki-pen-da!"

Kisha wakangoja. Mgeni hujibu, ndiyo desturi. Mgeni husema kwaherini, tutaonana kesho, halafu ndipo wanakaa. Walimtazama na kungoja wakiwa wamesimama, na Kalunde alifungua mdomo neno likakataa kutoka. Alijaribu mara ya pili. Mwalimu alianza kumtazama kwa wasiwasi.

"Kaeni, wanangu," alisema hatimaye. "Kaeni tu. Siondoki."

Simu ilianza kutetemeka mfukoni. Aliipokea pale pale, mbele ya darasa.

"Umempata?" aliuliza Daktari Mihayo. "Tumebakiza muda mfupi."

"Nimewapata, Daktari. Ni darasa zima. Hawataenea kwenye Kasha."

Upande wa pili alisikia feni za mashine zikizunguka, zimekwisha washwa tayari.

"Ijumaa nitaletewa fundi mwingine kutoka Dodoma," alisema Daktari. "Nitaifundisha mashine kiganja chake. Hujaokoa chochote, umechelewesha tu."

"Basi hadi Ijumaa nitamwambia kila mzazi wa mji huu. Nitaanzia na wapenzi wenzetu bandani. Watanitukana, lakini watasikiliza."

"Kalunde." Sasa alikuwa analia, bila kujizuia hata kidogo. "Bundala angekuwa na miaka kumi na miwili. Ulimfunika mwenyewe. Ulikuwa na uwezo wa kumfunua leo na umekataa. Umemuua mwanangu, wewe, kwa mkono wako."

Angeweza kumwambia kwamba mto ndio uliomuua. Angeweza kumpa maneno matamu, alikuwa na akiba yake ya kutosha tangu utotoni. Alimtazama Nyamizi, ambaye alikuwa amesharudi dawatini kwake na kumkemea Doto amwachie mwenzake kidole.

"Ndiyo, Daktari," alisema. "Nimemuua."